Datsun 240Z na Porsche 911: Mbio za Karatasini na Mbio za Barabarani

Hakuna baraza la vijana lisilokuwa na mzozo wa magari. Mmoja atasema hili ndilo lenye mbio, mwenzake atajibu kwamba lile ni zaidi, na kila mmoja atatoa ushahidi wa tarakimu: nguvu za farasi, mwendo wa juu kabisa, na sekunde zinazohitajika kufikia kilomita 100 kwa saa. Tarakimu hizo si za uongo. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo aghalabu huachwa: zilipimwa katika barabara ya namna gani? Juma hili tumechagua mfano wa zamani, uliotukia katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, ili wazazi na vijana wao wapate kuujadili pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa gari dogo la milango miwili, ambalo katika masoko ya nje lilijulikana kwa jina la Datsun 240Z. Injini yake ya lita 2.4 ilikuwa mbele, yenye silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Ilitajwa kuwa na nguvu za farasi takriban 150, na mwendo wake wa juu ulikaribia kilomita 200 kwa saa. Nchini Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo mtumishi wa kipato cha kati aliweza kuifikiria.

Mpinzani wake alikuwa Porsche 911 kutoka Ujerumani. Toleo la S la mwaka 1972 lilikuwa na injini ya ujazo uo huo wa lita 2.4 na silinda sita vilevile, ila injini hiyo iliwekwa nyuma na kupozwa kwa hewa. Nguvu zake zilikuwa za farasi 190, na mwendo wake ulipita kilomita 225 kwa saa. Tena kipimo kilichotumika kuitangaza Datsun huko Marekani kiliipima injini ikiwa peke yake, bila ya vifaa vinavyoilemea ndani ya gari. Kwa hiyo tofauti ya kweli ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Uzito wa magari hayo mawili ulikaribiana, wa zaidi kidogo ya tani moja. Bei ya Porsche ilipita mara mbili ya bei ya Datsun. Juu ya hayo, Porsche ilikwisha kushinda mashindano ya Monte Carlo mara tatu mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1970.

Karatasini, basi, shauri lilikuwa limekwisha. Lakini Safari haikuendeshwa karatasini.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika majira ya masika. Madereva walikwenda zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, mchana na usiku, katika njia zile zile zilizotumiwa na mabasi, malori na makundi ya ng'ombe. Asubuhi vumbi, jioni tope linalomeza magurudumu. Hesabu ilikuwa ya adhabu: aliyechelewa kufika kituoni aliandikiwa pointi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Mwaka 1971 Datsun 240Z iliyoendeshwa na Edgar Herrmann ilishika nafasi ya kwanza, na nyingine ya aina hiyo, ya Shekhar Mehta, ikafuata ya pili. Mwaka 1972 mambo yaligeuka: Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort, Porsche 911 ya Sobiesław Zasada ikawa ya pili, na Herrmann akaambulia nafasi ya tano. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye alilazimika kuihama nchi hiyo wakati wa utawala wa Idi Amin, alilingana pointi na Harry Källström. Ushindi alipewa Mehta na 240Z yake, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu. Mwaka uliofuata Porsche Carrera yenye injini ya lita 2.7 ilishika nafasi ya pili kwa mara nyingine. Aliyeishinda alikuwa Joginder Singh wa Kenya, ndani ya Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu.

Sababu ni nini? Katika barabara ya lami iliyonyooka, farasi 40 za ziada ni faida iliyo wazi. Katika njia yenye mashimo, dereva hawezi kuzitumia zote, kwa kuwa magurudumu hayashiki ardhi na gari haliwezi kuachiwa mbio. Dakika alizoziokoa kwa kasi huzipoteza zote, na zaidi, akisimama kubadilisha springi iliyovunjika. Hapo huhesabiwa uimara wa chasisi, wepesi wa kutengeneza, wingi wa spea njiani, na dereva anayeijua barabara. Herrmann, Mehta na Singh walikuwa wakaazi wa nchi hizi.

Hatusemi kwamba Porsche ilikuwa gari dhaifu. Mwaka 2011, katika mashindano ya Safari ya magari ya zamani, Björn Waldegård, ambaye ndiye aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alishinda kwa Porsche 911. Gari lililotayarishwa vyema kwa ajili ya njia yake linaweza kushinda. Tunachosema ni kwamba gari halina sifa iliyotengana na barabara linalopita.

Jambo hili lawahusu hata wale wasiopenda mashindano. Familia nyingi hununua gari mara moja katika miaka mingi, kwa akiba iliyokusanywa kwa taabu, na mara nyingi huvutiwa na ukubwa wa injini au sifa zilizosikika barazani. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema baba, mama na vijana waulizane: barabara ya kufikia nyumbani kwetu ikoje wakati wa masika? Fundi wa mtaani kwetu analijua gari hili? Spea zake zapatikana, na kwa bei gani? Lanywa mafuta kiasi gani katika foleni? Majibu ya maswali hayo hayamo katika tarakimu za kiwandani. Yamo kwa jirani aliyelimiliki gari kama hilo kwa miaka mitano, na inafaa aulizwe kwanza.