Laptopu Ikizima Ghafla, Usimgeukie Mwenzi Wako

Kuna ugomvi wa ndani ya nyumba ambao hatuuandiki sana kwenye kurasa hizi. Si wa hela, si wa mawifi, wala si wa simu yenye namba ya siri. Ni wa laptopu inayojizima. Unacheka? Basi bado haijakukuta.

Shosti wangu mmoja, ndoa yake ina miaka minne, alinifuata akiwa amevimba. Eti kila akitoka jikoni usiku na kuingia chumbani, laptopu ya mumewe inakuwa imezima, kioo cheusi tii. "We niambie, inajuaje kama nimefika?" Jamaa anaapa kwa Mungu hajagusa kitu. Wiki nzima hawasemeshani, na humo humo ndani ya mashine ndimo yalimo mahesabu ya biashara yake ya magauni. Alitaka ushauri wa ndoa. Mimi nikamuuliza swali moja tu: anaiweka wapi akiwa anaitumia? Juu ya duveti.

Jamani! Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu yaliyo chini na kutoa joto ubavuni au nyuma. Ukiilaza kwenye duveti ni sawa na kumziba mtu pua. Prosesa, ule ubongo wake, ikipata joto huanza kwanza kupunguza kasi, ndiyo maana mashine inakuwa nzito. Joto likizidi kupanda hadi karibu nyuzi 100, inajikatia umeme yenyewe isiungue. Hiyo si hasira wala siri, ni kujiokoa. Nikawaambia waiweke juu ya sinia. Usiku ule filamu ilifika mwisho, na shosti akajua kumbe jamaa alikuwa anaangalia mpira.

Sasa, si kila kuzima ni joto. Angalia kwanza inavyozima. Kama inafunga programu moja moja na kuaga kistaarabu, hiyo ni mipangilio au masasisho ya Windows, hakuna ugonjwa hapo. Kama inakata puu! kama taa, endelea kusoma.

Inakata ukiwa hujachomeka chaja, nayo inaonyesha bado asilimia 30? Shuku betri. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa na kwa joto, na iliyochoka inaweza kuonyesha chaji ipo, lakini kazi ikiwa nzito inaishiwa nguvu ghafla. Kwenye Windows fungua sehemu ya kutafutia, andika cmd, kisha powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Linganisha namba mbili: DESIGN CAPACITY, uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, anzeni kuchangishana.

Hapa sitanii: ukiona kitufe cha panya kimeinuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Zima, usiichaji, usiitoboe, usilale nayo kitandani. Agosti 2006 kampuni ya Dell iliita betri milioni 4.1 zirudishwe kwa hatari ya kushika moto, na Juni 2019 Apple nao wakaita baadhi ya MacBook Pro za inchi 15 kwa sababu hiyo hiyo. Kama wakubwa wale yaliwakuta, betri ya bei chee isiyo na jina ndiyo usiseme.

Ikizima pale unapotikisa waya, tatizo ni chaja au tundu lake, na betri nayo pengine ilishakufa bila nyie kujua. Soma pia wati: mashine inayotaka 65 ukiipa chaja ya 45 mnayogombania wote wawili, kwenye kazi nzito itakuwa inakula betri kimya kimya.

Na kama iko mezani, imepoa, chaja nzima, bado inakata? Muone fundi. Inaweza kuwa vumbi limeganda kwenye feni, pasta ya kupoozea prosesa imekauka, memori au bodi yenyewe. Vumbi la kwetu halina adabu, mimi yangu huwa naipeleka ikapulizwe kila mwaka. Sipendi ile tabia ya kuivuta kwa mashine ya kusafishia zulia. Umeme tuli unaweza kuua vifaa vya ndani.

Wakati mnasubiri mshahara, nendeni kwenye mipangilio ya Word na Excel. Kwa kawaida hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Shusheni iwe 2. Kazi ya dakika mbili mnaweza kuirudia bila kununiana.

Kabla ya kwenda kwa fundi, hamisheni kila kitu kwenye diski ya nje. Picha zenu za fungate, zile mnazozijua wenyewe, zitoeni kabisa. Mkubaliane bei kabla hajafungua skrubu, na mwambieni kifaa chochote atakachobadilisha awarudishie kile cha zamani mkononi.