Krismasi ya Stockholm: ukingoja tarehe 25 umechelewa

Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi, na kila mwaka wageni wapya huniuliza swali lile lile: "Kaka, hivi Krismasi hapa inakuwaje?" Nimeona bora niandike mara moja.

Kwanza kabisa, Waswidi husherehekea tarehe 24, siyo 25. Hili mimi hakuna aliyeniambia. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga mambo yote yawe tarehe 25, kama nyumbani. Tarehe 24 jioni nikatoka kutafuta nyama. Duka la kwanza limefungwa, la pili limefungwa, barabara nyeupe, hapiti hata mbwa. Wenzangu wa ofisini walishaondoka kwa wazazi wao. Nikarudi chumbani nikachemsha tambi. Mama alipopiga simu kutoka Moshi nikamwambia niko na watu wengi, tunakula. Nyuma yake nasikia kelele za ukoo mzima uliokwenda kuhesabiwa. Wachagga mnanielewa.

Kwa hiyo nunua vitu vyako mapema, tarehe 22 au 23. Kwa wanaokunywa, Systembolaget, yaani duka la serikali la pombe, hufungwa tarehe 24 mpaka 26, na huko hakuna cha kubembeleza. Viungo vya pilau, ndizi za kupika na nyama ya halali fuata Rinkeby, lakini nenda kabla ya msongamano.

Ukialikwa kwa Mswidi, usikatae! Hawaaliki ovyo, akikualika ujue amekufikiria. Fika kwa saa uliyoambiwa, siyo saa ya kibongo, na viatu vua mlangoni. Mezani wanaanza na samaki wa siki, kisha vitu vya baridi, vya moto baadaye, kwa hiyo usijaze sahani ya kwanza. Nguruwe ni wa lazima kwao. Kama huli, sema siku ulipoalikwa, hawaoni vibaya hata kidogo. Halafu saa tisa alasiri msishangae familia nzima, babu na bibi wakiwemo, wakikaa kimya mbele ya televisheni kuangalia katuni za Donald Duck. Wanafanya hivyo kila mwaka tangu 1960, na vichekesho wanavijua kwa moyo. Kaa nao uangalie.

Sasa giza. Mhandisi siwezi kulipita. Stockholm iko nyuzi 59 kaskazini. Wiki ya Krismasi jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, na hata adhuhuri liko kama nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Dar wakati huo huo linapita nyuzi 70. Ndiyo maana Waswidi wanajaza mataa na nyota madirishani tangu mwishoni mwa Novemba, na tarehe 13 Desemba asubuhi na mapema wanaimba na mishumaa, siku ya Lucia. Siyo mapambo tu, ni dawa. Ukikesha na sinema ukaamka saa saba mchana, hata saa mbili za mwanga hazijabaki, na upweke unapata pa kuingilia. Toka nje mchana, hata kwa nusu saa.

Mnaotaka kwenda nyumbani, angalieni kadi ya ukaazi kabla ya tiketi. Kama imeisha na ombi la kuongeza muda bado liko idara ya uhamiaji, kukaa hapa unaruhusiwa ilimradi uliomba kabla haijaisha, lakini ukishatoka, kurudi ni kazi nyingine kabisa. Jamani, msikate tiketi kwa matumaini. Pia muhula wa vuli unaishia katikati ya Januari, na mitihani mingi iko huko.

Na wakati wa kurudi, nyama na samli ya mama haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye begi. Maembe nayo hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, mananasi na tende zinapita. Najua inauma, msimu wenyewe wa maembe!

Mkesha wa mwaka mpya, pigeni simu nyumbani saa nne usiku, maana kule ndiyo saa sita.

Tunaobaki, tarehe 24 tunapika jikoni kwetu. Mwaka jana tulikuwa tisa. Waganda walileta matoke, Wakenya wakasukuma chapati, pilau niliunguza mimi chini kidogo. Ukiwa peke yako nong'oneza mmoja wetu kabla ya tarehe 20, tujue tuloweke mchele kiasi gani.