Tusiwatwike wanafunzi makosa ya mitambo

Kuna jambo ambalo limenikaa rohoni tangu siku ya wazazi katika shule ninamofundisha, na nimeona heri nilitoe hadharani, maadamu walimu wenzangu wengi sasa huipandisha kompyuta jukwaani kama ala ya muziki. Siku hiyo kwaya yetu iliimba ikiandamana na ngoma zilizopigwa na kijana wa kidato cha tatu, si kwa ngozi wala fimbo, bali kwa kibao chenye vibonye vya mpira kilichounganishwa na kompyuta. Ubeti wa pili haukuisha kabla ya ngoma na waimbaji kufarakana. Wazazi walipiga makofi ya huruma.

Asubuhi, tukijiandaa, kijana huyo alikuwa amenijia akaniambia, "Mwalimu, ngoma inachelewa." Nami, mbele ya wenzake wote, nikamjibu, "Ngoma haichelewi. Wewe ndiwe unayechelewa."

Wengi hudhani kwamba waya utokao kwenye kibao hupitisha sauti. La hasha! Unachopitisha ni amri tupu, kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao ulionyeshwa hadharani mara ya kwanza Januari 1983 huko California, vinanda vya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana vilipounganishwa vikaelewana. Mwanafunzi akigusa kibonye, kibao huiarifu kompyuta noti ipi imepigwa, kwa nguvu kiasi gani, na kwa chaneli ipi kati ya 16. Noti zimepewa nambari kuanzia 0 hadi 127. Sauti yenyewe huundwa na programu iliyomo ndani ya kompyuta, na hapo ndipo ucheleweshaji huzaliwa.

Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Huikusanya kwanza mafungu mafungu, mithili ya mchota maji ajazaye ndoo kabla ya kuimimina. Sekunde moja ya sauti aghalabu huwa na sampuli 44,100. Fungu likiwa la sampuli 128, subira yake ni takriban milisekunde 3, na sikio halilalamiki. Likiwa la 2,048, subira hufika milisekunde 46. Kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, hiyo ni sawa na kumtenga mpiga ngoma mita 16 kutoka kwa waimbaji, kisha kumkaripia kwamba hafiki kwa wakati. Waimbaji humngojea, naye huwangojea, na wimbo huzidi kuzorota. Kayamba halina matata haya.

Je, ni nani aliyeweka 2,048? Ni mimi. Usiku wa kuamkia sherehe nilikuwa nikisawazisha wimbo tuliokuwa tumeurekodi, nikalikuza fungu ili mashine isilemewe na kuanza kukwaruza. Kwa kazi hiyo sikukosea, kwani hakuna aliyekuwa akinisubiri. Kosa ni kwamba sikulirudisha lilipokuwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hoja yangu ni kwamba kuiandaa mitambo ni sehemu ya mazoezi yenyewe, wala si shughuli ya kuachiwa mwalimu mmoja, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Mwanafunzi atakayekipiga kibao ndiye anayestahili kukiunganisha, kuhakikisha kwamba kila kibonye kimepewa sauti yake, na kuzipanga sauti kwa utaratibu wa nyimbo zitakavyofuatana, ili asihangaike kutafuta mbele ya hadhira. Afunge programu asizozihitaji, azime intaneti na arifa zake, aichomeke kompyuta kwenye umeme. Ajue pia amri ya kuzima noti zote kwa mpigo, kwa maana ujumbe wa kuachilia noti ukipotea njiani, sauti huendelea kulia ukumbini kana kwamba ina wazimu. Zaidi ya yote, afanye mazoezi kwa spika zile zile za siku ya sherehe. Spika isiyo na waya huongeza ucheleweshaji wake yenyewe, na wengi wetu hatulikumbuki hilo hadi pazia limefunguliwa.

Najua nitaambiwa kwamba mitambo ni ghali na wanafunzi wataiharibu. Huenda. Lakini tulipomkabidhi kijana yule jukwaa tulimkabidhi lawama pia, ilhali tulimnyima ufunguo wa kujitetea. Sikio lake lilisikia kilicho kweli, nami nilikuwa na cheo tu.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya, wale wale walionisikia nikimkaripia, nikawaeleza kilichotukia. Kijana hakusema neno. Aliomba kuiona kompyuta, akafungua ukurasa wa mipangilio, akapiga kibonye kimoja mara nne akisikiliza. Sasa kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye kifuniko cha mashine ile, kwa mwandiko wake, nacho kina nambari moja tu: 128.