Rekodi za Mashimo Meusi, Kutoka Malindi Hadi Geita

Ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga unajua mashimo. Mgodi wa Mwadui pekee una mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Ila yapo mashimo mengine, ya angani, ambayo hata mwanga ukiingia hautoki, na rekodi zake zinatuhusu.

La kwanza kutambuliwa lina mkono wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya miale ya eksirei ndivyo vilivyowaelekeza wanasayansi kwenye Cygnus X-1. Mwaka huohuo mwanafizikia Mhindi C. V. Vishveshwara alionyesha kwa hesabu kwamba shimo jeusi likiguswa hutetemeka, kisha hutulia.

Ni kama ngoma: kubwa huvuma kwa sauti nzito, ndogo kwa sauti nyembamba. Shimo lililosikika kwa mawimbi ya mvutano 14 Septemba 2015, lenye uzito wa majua 62, lilitetemeka kama mara 250 kwa sekunde na kunyamaza upesi mno. La 21 Mei 2019, la majua 142 na la mbali zaidi, lilishuka hadi mitetemo 66 hivi. Rekodi ya uzito ilivunjwa 23 Novemba 2023: majua yapata 225. Mlio uliosikika wazi kuliko yote ukaja 14 Januari 2025, na ndani yake zikatenganishwa sauti mbili za shimo moja.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu ya mlio huo. Mawimbi yanayozunguka shimo jeusi hufuata mlinganyo unaofanana mno na ule ambao Schrödinger aliuandika mwaka 1926 kwa ajili ya chembe za atomu: wimbi linakuta kilima, sehemu inarudi, sehemu inavuja upande wa pili. Mwaka 1985 wanafizikia Bernard Schutz na Clifford Will walichukua mbinu ya Wentzel, Kramers na Brillouin, iliyobuniwa kwa atomu, wakaitumia kwenye kilele cha kilima hicho, na masafa ya mlio yakapatikana. Hesabu ya kitu kidogo sana ikafungua kikubwa.

Na dhahabu? Chenga anazozikusanya mchimbaji mdogo kwenye karai pale mwaloni, panapooshwa dhahabu, baada ya mawe ya duara, yaani shimo la mgodi, kupita kwenye mashine ya kusaga, karasha, zimeundwa kwa atomu zilizokuwepo kabla ya dunia. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana, umbali wa miaka ya mwanga milioni 130 hivi, tukio la kwanza kusikika kwa mawimbi ya mvutano na kuonekana kwa mwanga pia. Mwanga ule ulionyesha metali nzito zikitengenezwa. Migongano ya aina hiyo ni chanzo kimojawapo cha dhahabu. Kama mabaki yake yaligeuka shimo jeusi, lilitetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na vyombo vya sasa havijaweza kusikia sauti nyembamba kiasi hicho. Rekodi hiyo bado haina mwenyewe.