Imbwa wa manyoya marefu mu vumbi ya Kolwezi: dawa ya kwanza ni mikono

Leo ninaacha mahindi na mbolea pembeni, nitawaelezea juu ya imbwa. Ninajua kuna batu watacheka. Hata kwetu nyumbani walicheka.

Yaya wangu alikuwa anapika kwa familia moja ya wageni. Walipomaliza mukataba wao wa kazi, walirudi kwao, wakamuachia imbwa wao: mudogo, kilo tano hivi, manyoya meupe mpaka chini, aina ya shih tzu. Tulimuita Pamba. Jirani mumoja akauliza: “Sasa hii njo imbwa ya kulinda lupango, ao ni ya kufutia meza?” Yaya akanitazama: “Si weye njo agronomi? Utaichunga.”

Niko na lisansi ya agronomia, basi nilijiona ninajua. Mwezi wa kumi na mbili, mvua imekolea, nikaona kupe tatu ku masikio yake. Nilichukua chupa ya dawa tunayonyunyizia kabichi, nikapima kidogo ndani ya ndoo, nikamuosha. Haikupita saa moja, mate yakaanza kumutoka, akatetemeka, akashindwa kusimama. Kama si muganga wa nyama kumupiga sindano ya atropini, tungemuzika siku ile. Mutoto wa yaya, miaka sita, aliniuliza paka neno moja: “Tonton, ni weye ulimupa sumu?” Nilikosa jibu.

Ndiyo maana ninaandika. Sitaki mwingine aanzie pale nilipoanzia.

Dawa ile ilikuwa ya kundi la organofosfati. Inaua mududu kwa kuzuia kitu kimoja mu mwili chenye kutuliza mishipa ya fahamu. Lakini kitu kile kiko pia ndani ya imbwa na ndani yetu sisi. Tena manyoya marefu yanashika dawa kama sifongo, na imbwa anajilamba, kwa hiyo anaikunywa. Dawa ya shamba ikae ku shamba, na dawa ya kuogesha ngombe ikae kwa ngombe. Ya imbwa inachaguliwa kulingana na kilo zake, na muganga wa nyama njo anakuonyesha. Kama kuna paka mu nyumba, mwambie: dawa zingine za imbwa ziko na permetrini, na ile inaua paka.

Sasa tuongee manyoya yenyewe. Imbwa wetu wa kawaida wako na manyoya mafupi, yanaanguka yenyewe na mengine yanaota. Ya shih tzu yanaendelea kurefuka kama nywele zetu, na yale yaliyokufa yanabaki ndani na kujifunga. Ukiacha wiki mbili, utakuta mafundo magumu yanayovuta ngozi. Chini ya fundo kuna unyevu, ngozi inaanza kuoza, na kupe anapata nyumba nzuri.

Dawa yake ni kichanuo cha chuma, kila siku, dakika kumi na tano. Usipitishe juu juu tu. Gawanya manyoya kwa mistari mpaka uone ngozi, kama vile tunapalilia mahindi mustari kwa mustari, halafu chana kutoka ngozi kwenda inje. Tafuta sana nyuma ya masikio, chini ya kwapa, ndani ya mapaja, katikati ya vidole na chini ya mukanda wa shingo. Ukikuta fundo, lifungue na vidole polepole. Usiingize makasi kuelekea ngozi, utamukata.

Hapo njo utakutana na kupe. Yule wa rangi ya kahawia, Rhipicephalus sanguineus, anaishi vizuri hata ndani ya nyumba. Jike akishiba anaanguka, anaingia mu ufa wa ukuta, anataga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana kusafisha imbwa bila kufagia na kuziba nyufa ni kazi nusu. Kupe anaweza kuleta magonjwa mawili ya damu, babesia na erlikia. Mutoe na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja. Usimuchome na moto, usimupake petroli. Imbwa akikataa chakula, akipata homa, fizi zikiwa nyeupe, ao mukojo ukifanana na kahawa, usingoje kesho.

Kuogesha, wiki tatu ao ine inatosha, na sabuni ya imbwa. Chana mbele ya kumwaga maji, juu fundo likilowa linakaza zaidi. Bidoni moja ya maji ya vuguvugu inaenea. Kisha mukaushe kabisa mpaka chini ya manyoya, zaidi mu mwezi wa sita na wa saba, usiku wa huku kwetu ni baridi. Kitambaa anacholalia, ukikianika inje, kipige pasi pande zote mbili: kuna nzi anataga mayai ku nguo mbichi, na funza wake anaingia mu ngozi ya imbwa na ya mutu pia.

Kolwezi iko juu ya mita 1 400, lakini mwezi wa tisa na wa kumi jua ni kali. Imbwa wa pua fupi hapumui vizuri kwa joto. Mutembeze asubuhi mapema ao jioni, na maji yasikose. Mimi ninamupunguza Pamba manyoya, yabaki sentimita mbili ao tatu. Simunyoi mpaka ngozi, jua lingemuchoma. Anapoteza uzuri wa foto, anapata raha.

Tena kuna vumbi yetu. Mu 2018, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao wa mutaa wa Kasulo, kule batu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi ndani ya vumbi na ndani ya mukojo wa wakaaji, zaidi sana kwa watoto. Sasa fikiri: imbwa huyu tumbo lake linafagia barabara, halafu anaingia kulala ku mukeka mutoto anapochezea. Kwetu kuna ndoo ndogo na kitambaa kibichi ku mulango. Hakuna anayemuingiza Pamba bila kumupangusa miguu na tumbo, na mutoto ananawa mikono mbele ya kula bukari.

Juu ya chakula: bukari peke yake haitoshi, aongezewe nyama, samaki ao yai bila chumvi nyingi. Kitunguu kinaharibu damu yake, chokoleti ni sumu, na mufupa wa kuku uliopikwa unaweza kumutoboa tumbo.

Ya mwisho, na ni ya lazima: chanjo ya kichaa cha imbwa, akifika miezi mitatu, halafu kurudilia kila mwaka. Musidanganywe na udogo wake. Imbwa njo wanaleta karibu visa vyote vya ugonjwa huu kwa batu, na dalili zikishaonekana, karibu kila mugonjwa anakufa. Mutoto akiumwa na imbwa, hata kidonda kidogo, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ileile. Tarehe 28 ya mwezi wa tisa ni siku ya dunia juu ya ugonjwa huu. Mimi ninaitumia kukumbuka chanjo ya Pamba.

Leo Pamba ni muzima. Kila jioni mutoto wa yaya anashika kichanuo, mimi ninashika kibano. Jana alikuta kupe mumoja chini ya kwapa, mudogo kama mbegu ya lengalenga. Aliniita, hakuniuliza tena juu ya dawa. Alisema tu: “Tonton, leta kibano.”