Mtoto wa Jicho Hasubiriwi Akomae

Wazee wengi wa Afrika Mashariki hufika kliniki ya macho wakiwa wameshikwa mkono na wajukuu. Ukiwauliza mbona wamechelewa, hujibu kuwa waliambiwa wasubiri mtoto wa jicho akomae. Zamani, upasuaji ulipokuwa wa mkato mkubwa na mgonjwa akibaki na miwani mizito, ushauri huo ulikuwa na mantiki. Leo unawapotezea watu miaka ya kuona.

Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho. Tatizo limo kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Umri ukisonga, protini za lenzi huharibika na kugandana, mwanga ukazuiwa. Kisukari, sigara, jeraha na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huharakisha hali hiyo. Hakuna matone yanayoisafisha, na dawa za majani zinazotiwa jichoni zinaweza kuliachia kovu la kudumu.

Kwa kawaida hakuna maumivu. Rangi hufifia, taa za magari usiku hutawanya mwanga, miwani mipya haisaidii kwa muda mrefu.

Tiba ni upasuaji wa kuiondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, jambo lililoanzishwa London na daktari wa macho Harold Ridley. Aliona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita vilikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyaletea uvimbe. Novemba 1949 akapandikiza lenzi ya plastiki. Siku hizi upasuaji kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa, kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hulala kwao usiku huohuo.

Wakati wa kwenda ni pale ukungu unapoanza kukwamisha maisha: kusoma, kushona, kuendesha gari, kuchambua mchele, kutambua sura za watu. Lenzi ikiachwa ikawa ngumu sana, upasuaji huwa mgumu zaidi. Inaweza pia kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu, ambao hauna dawa ya kuurudisha.

Kwa watoto, haraka ni kubwa zaidi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Ukikosa picha safi, upasuaji wa baadaye hauwezi kufidia vyote. Weupe ndani ya mboni unaweza pia kuwa saratani ya jicho, hivyo mtoto apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, hata kama anacheza na kula vizuri.