Maradhi ya Behçet Yanapofika Ubongoni

Mnamo mwaka 1937, mjini Istanbul, tabibu wa ngozi aitwaye Hulusi Behçet aliandika habari za wagonjwa waliosumbuliwa na vidonda vya kinywa visivyokoma kurudi, na vidonda vya utupuni, na uvimbe wa ndani ya jicho uhatarishao nuru yake, akahukumu kwamba mambo hayo matatu, ambayo matabibu wengi waliyatibu mbalimbali, ni ugonjwa mmoja. Mgiriki Adamantiades alikwisha kuudokeza miaka michache kabla yake, wala si haki jina lake kusahauliwa.

Asili ya ugonjwa huu ni kuvimba kwa mishipa ya damu, mikubwa kwa midogo, ya ateri na ya vena. Ni maradhi adimu, yaonekanayo zaidi katika nchi za njia ya kale ya hariri, tangu Uturuki na Iran hata Japani.

Kwa wagonjwa wachache, aghalabu baada ya miaka kadhaa, uvimbe hufika ubongoni. Ukilishika shina la ubongo, ulimi huwa mzito, mwendo huyumba na upande mmoja wa mwili hulegea. Damu ikiganda katika vena kubwa za kichwani, huja maumivu makali ya kichwa na kiwaa cha macho. Lakini lililo zito zaidi kwa jamaa ni lile lisiloonekana kwa macho: mtu aliyejulikana kwa upole na staha hushikwa na furaha isiyo na sababu, akapoteza haya, akawadhania watu mabaya, na ajabu ya yote, asiyajali hata maradhi yake mwenyewe. Watu husema amepagawa, au amekosa adabu, ilhali ni ubongo uliojeruhiwa.

Tabibu naye ana mtihani wake, kwa kuwa dawa za steroidi, ambazo ndizo tegemeo la kwanza la tiba, zaweza zenyewe kuvuruga akili. Na siklosporini, iliyotumika kuyahami macho, hushukiwa kuukaribisha uvimbe ubongoni, kwa hiyo huepukwa. Hutazamwa picha za ubongo na maji ya uti wa mgongo, kwani hakuna kipimo kimoja cha damu kikatacho shauri, kisha huongezwa azathioprini, au infliximabu kwa hali nzito.

Basi jamaa wa mgonjwa aliyebadilika tabia na wasione aibu kumweleza daktari habari za vidonda vya kinywani na vya utupuni, hata vile vilivyopona zamani, maana mgonjwa mwenyewe huenda asivitaje.